Chungu Kisichopitia Moto

Simenti kavu ina harufu yake. Haifanani na udongo wala jivu, ingawa ina kitu cha vyote viwili, na ikishaingia puani hukaa kooni kama vumbi la chaki. Baada ya kumzika Kukhu, mdogo wangu Wandera alirudi kutoka Kampala na mifuko ya simenti na maboksi ya tailizi nyeupe za kufunikia kaburi, akavipanga barazani. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika pembeni. Nilikuwa napita na beseni la maji, upepo ukanirushia ile harufu usoni, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nikaweka beseni chini nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni. Wandera alidhani namlilia Kukhu. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Lakini hakuwa peke yake.

Nimeishia darasa la saba, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko maombi ya kanisani. Lakini sisi wa umri huu tunapungua, na hili nataka niliseme jinsi lilivyokuwa kabla sijaanza kulipamba.

Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu Samia. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Alizaliwa Sop Sop, upande wa Tororo, akaolewa huku Bulumbi, na maisha yake yote Kisamia kilimkataa ulimi. Akitaka kubembeleza mtoto alitumia Kipadhola cha kwao. Akitaka kugomba alitumia Kiswahili cha sokoni, kile cha mpakani, ambacho hakimngoji mtu apange maneno. Sisi wajukuu tulikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya kufokewa.

Kazi yake ilikuwa kufinyanga. Alifinyanga vyungu vya kupikia na mitungi kama wanawake wengine, lakini vilivyompa jina ni vyungu vya urembo: vya shingo ndefu vya kuwekea maua, na vile vya midomo miwili ambavyo zamani vilifinyangwa nyumba ikijaliwa mapacha, na siku hizi watu wa Busia mjini, wa pande zote mbili za mpaka, wanaviweka sebuleni kando ya televisheni. Mama yangu alipoolewa alimkuta na kazi hiyo, akajifunza kwake, na haikupita muda watu wakaanza kusema kwamba mkwe amempita mkwewe kwa kutengeneza shingo. Kukhu akisikia alijibu, "Shingo, sawa. Lakini matako ya chungu bado ni mimi." Na Mama alicheka mpaka akaacha kazi, kwa sababu ilikuwa kweli. Vyungu vya Mama vilipendeza lakini vilitikisika mezani. Vya Kukhu vilikaa.

Urembo wenyewe hawakuuchora kwa kijiti. Waliubingirisha. Kila mwanamke alikuwa na kakamba kake ka mkonge, kafupi kama kidole, alikokasokota mwenyewe. Udongo ukiwa bado mbichi unakalaza shingoni mwa chungu, unakabingirisha kwa kiganja, na kenyewe kanaacha alama njia nzima. Kakamba ka Kukhu kaliacha alama kama punje za wimbi, yaani ulezi, zilizopangwa. Ka Mama kalikuwa na fundo katikati, kwa hiyo kila kakigeuka kaliacha nafasi ndogo, kama pengo la jino. Ungekuta chungu sokoni Lumino, mwenyewe hayupo, ukajua ni cha nani.

Shimo lilikuwa nyuma ya jikoni, pana, kina chake magotini mwa mtu mzima. Vyungu vikishakauka kivulini, walivipasha kwanza kwa manyasi yanayowaka ili unyevu wa mwisho utoke. Kisha kuni chini, mavi makavu ya ng'ombe, vyungu vimelazwa kifudifudi, vigae vya vyungu vilivyovunjika katikati yake ili visigusane, mavi tena, manyasi, moto. Moto ukishakula ukashiba, walivifunika kwa manyasi mabichi na udongo ili moshi ubaki ndani na kuvitia ule weusi unaong'aa. Harufu yake ilikuwa nzito, tamu kidogo, na ilikaa kwenye nywele zetu hadi Jumapili.

Sasa kulikuwa na desturi ya Kukhu, na sijui kama ni ya Wapadhola wote au ni yake mwenyewe. Akitupia udongo wa mwisho juu ya shimo, alisema, "Lala. Ukiamka, itika." Na kesho yake, jivu likishapoa, alifukua kwa mikono, akatoa kimoja kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kukiuliza, "Uko?" Chungu kizima huitika. Ng'iii, mlio mrefu unaobaki hewani. Chenye ufa hutoa sauti fupi kama ubao. Hapo Kukhu hakusema kimevunjika. Alisema, "Huyu hayuko," akakitupa kwenye lundo la vigae. Mama na mimi tulikuwa tunakaa ukingoni mwa shimo tukisikiliza. Kikiitika vizuri Mama alinibana bega. Nilidhani vyungu ni watu wa namna fulani, watu wanaoingia shimoni wakiwa laini na kutoka wakiwa wagumu na wenye sauti.

Mama aliugua muda mfupi. Walimpeleka hospitali Tororo kwa gari la kuazima, na wakamrudisha kwa gari hilohilo, wanawake wakiwa wamekaa kimya pande zote mbili za blanketi. Mimi nilikuwa na mapengo ya mbele, meno mapya hayajatokeza. Wandera alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Walichimba shimo kando ya migomba. Niliwatazama wakichimba na sikuona la ajabu, kwa sababu nilikuwa nimeona mashimo. Walimlaza. Walimfunika kwa udongo. Mchungaji akainua mkono akasema, "Lala salama, mama." Wanawake wakapiga yowe, shangazi yangu akajitupa chini, na mimi nikasimama nimeshika sketi ya Kukhu nikiwatazama tu. Nilisikia mmoja akisema, "Huyu mtoto ana moyo wa jiwe." Mwingine akasema sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa kuliko wote, ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nimelisikia neno lenyewe. Amelazwa, na akiamka ataitika. Nani analilia chungu kilichowekwa shimoni?

Kukhu hakuwasha shimo lake kwa muda mrefu baada ya hapo. Lakini maswali ya kazi alijibu, na mimi nilimuuliza siku moja akimenya mihogo.

"Kukhu, chungu kikubwa sana kinakaa shimoni mpaka lini?"

"Mpaka napoa."

"Kikubwa kama mtungi wa pombe?"

"Hata kama nyumba. Moto natoka yenyewe. Wewe naharakia nini?"

"Na mtu akifukua mapema?"

"Upepo naingia, napasuka. Basi kazi yote bure." Akaninyooshea kisu. "Wewe ndio nataka kufukua? Nitakukata hiyo mikono."

"Sifukui."

"Haya. Lete hiyo sufuria."

Nikapata nilichotaka. Kila siku nikitoka shule nilipita kwa migomba kabla ya kuingia nyumbani. Nilipiga magoti, nikaweka kiganja juu ya udongo mwekundu wa kaburi, na udongo ulikuwa wa moto. Kila siku ulikuwa wa moto. Nilitulia kabisa. Kisha niligonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, nikauliza, "Uko?" Udongo hauna mlio. Lakini hilo halikunitisha, kwa kuwa nilijua chungu hakiitiki kikiwa kimefunikwa. Huitika kikiwa mkononi. Nikapangusa vumbi magotini nikaenda kula.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuna aliyeniona. Nadhani waliniona. Waliona mtoto anakwenda kupiga magoti kaburini kwa mama yake, wakaona ni sala, wakaniachia.

Kisha ikaja siku ya mawingu, mvua imenyesha tangu alfajiri na kuacha baridi. Nilipita kwa migomba. Nikaweka kiganja. Udongo ulikuwa baridi.

Nakumbuka nilivyokimbia. Nilikimbia nikateleza kwenye tope, nikainuka, nikaingia jikoni napumua kwa mdomo. Nyumba ilikuwa imejaa. Baba alikuwa amefika kutoka Jinja, alikofanya kazi kiwandani, na alikuja na fundi na mifuko ya karatasi nzito iliyopangwa ukutani. Jikoni kulikuwa na moshi na wanawake, na Kukhu alikuwa anakoroga, Wandera analia mgongoni.

"Kukhu! Amepoa!"

"Nini amepoa?"

"Yule mkubwa!"

Kukhu akachungulia kwenye bakuli la uji lililokuwa pembeni. "Basi kama amepoa, kunywa. Mimi niko na wageni."

Nikanywa uji. Nilijiambia kwamba kesho asubuhi, jua kabla halijapanda, Kukhu atanawa mikono na kufukua kama anavyofukua siku zote. Nililala nimevaa gauni la kanisani.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya beleshi likikwaruza. Nilitoka nje nikakuta ile harufu, na fundi anageuza lundo la kijivu kando ya kaburi. Aliitwa Ouma, mtu wa mzaha, alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa maneno yake mwenyewe.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Namjengea mama yako nyumba ya kudumu. Hii nikimaliza, hata mchwa akija atavunjika meno."

"Atatokaje?"

"Nani, mchwa?"

"Mama."

Beleshi likasimama. Ouma akatazama huku na huku kama anayetafuta mtu mzima, akamwona Baba anakuja, akainamia kazi yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Mfuko wa simenti ulikuwa wa kufunga. Walikuwa hawataki kufukua. Walikuwa wanataka kufunika juu ya kifuniko, kwa kitu kigumu kama jiwe, siku ileile ambayo Mama alipaswa kufukuliwa.

Nikapanda juu ya kaburi nikalala kifudifudi.

"Nabwire, inuka," Baba akasema.

"Sitaki."

"Mwanangu, tunamtengenezea mama. Inuka, utachafua nguo."

"Msifunge! Amepoa! Fukueni kwanza!"

Baba alinishika kiunoni, na mimi nikaushika msalaba wa mbao kwa mikono miwili. Alinivuta. Msalaba ukalegea. Watu walikuwa wanatoka majumbani. Jirani yetu mmoja akasema, "Huyu ameingiliwa na kitu. Mwiteni mchungaji." Ouma akasema, polepole, "Mzee, hii imeshachanganywa. Haingoji mtu." Nami nikapiga kelele neno hilohilo, amepoa, amepoa, mpaka nikaona mkono wa Baba umeinuka. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Mkono ulibaki juu pale hewani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala tangu msiba.

"Nani nalia kama mbuzi kwa hii boma?" Kukhu alitoka jikoni, Wandera mgongoni, mwiko mkononi.

"Ni huyu," Baba akasema. "Ati amepoa. Ati tumfukue mama yake."

Kukhu akasimama. Akanitazama mimi, akatazama migomba, akatazama upande wa shimo lake nyuma ya jikoni. Alipozungumza tena hakuwa anafoka, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia Kiswahili chake bila ukali.

"Nabwire. Wewe nagonga hapa?"

"Ndiyo."

"Naita 'Uko'?"

"Ndiyo. Haitiki kwa sababu hajatolewa."

Kukhu akakaa chini palepale, kwenye tope, na mtoto mgongoni. "Ee," akasema. "Ni mimi. Ni mdomo yangu."

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi, na mimi nilielewa vibaya. Nilidhani anakiri kwamba amechelewa kufukua.

Alipoinuka alimgeukia fundi. "Wewe, ngoja."

"Mama, simenti itakufa."

"Wacha ikufe." Akamfungua Wandera mgongoni akamweka mikononi mwa Baba, ambaye alimpokea kwa kushtuka kama aliyepewa kitu cha moto. "Shika mtoto yako. Na wewe Nabwire, njoo. Hakuna mtu atafunga. Mimi nimesema."

Nilimwamini. Nikauachia msalaba.

Juu ya dari la jikoni, kwenye moshi, kulikuwa na chungu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Kilikuwa cha mwisho cha Mama, cha midomo miwili, kikavu, cha rangi ya vumbi, na shingoni mwake yale mapengo madogo yamepangana. Alikimaliza kabla ya kuugua. Kukhu angeweza kukichoma wakati wowote na hakukichoma. Siku hizi nadhani aliogopa kukiuliza swali lake.

Alikishusha kwa mikono miwili, akakileta nje, akaweka beseni la maji mbele yangu. Watu walikuwa wametuzunguka, na Ouma ameegemea beleshi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Imepita moto?"

"Hapana."

"Weka kwa maji."

"Kitaharibika, Kukhu."

"Weka."

Nilitikisa kichwa. Akanisubiri, kisha akakitumbukiza mwenyewe.

Kwanza kilitoa sauti, tss, kama kinachopumua, na mapovu madogo yakapanda. Mdomo mmoja ukainama. Kisha wa pili. Shingo ikateleza polepole, ile alama ya kamba ikalegea, pengo, punje, pengo, punje, mpaka ikawa haisomeki, na tumbo la chungu likakaa chini kama mtu aliyechoka. Maji yakawa mekundu. Kukhu akaokota kigae kutoka kwenye lundo, akakitupa ndani. Kilizama na kulala pale chini, kizima.

"Hii ilipita moto," akasema. "Nakaa. Mama yako hakupita moto. Tulimweka hivi, mbichi. Narudi kwa udongo, kama hii. Hakuna mtu nafukua. Hata mimi. Hata baba yako. Hata mchungaji."

"Lakini alikuwa wa moto. Nilimshika kila siku."

Kukhu akanishika kiganja.

"Ile ilikuwa jua," akasema.

Hapo ndipo nililia. Nililia kilio ambacho wanawake walikuwa wamekisubiri tangu siku ya mazishi, na kilipokuja hakuna aliyejua la kufanya nacho. Kukhu alinikumbatia, mikono yake ina udongo, akanipaka mgongo mzima wa gauni la kanisani. Na yeye alikuwa analia kwa lugha ya kwao.

Wapo watakaosema alikuwa mkali mno kwa mtoto. Huenda. Mimi sikuwahi kumlaumu. Wengine wote waliniambia Mama amelala, na mimi niliwaamini kama nilivyoamini kila kitu, neno kwa neno.

Baba alisimama na Wandera kifuani, amewapa watu mgongo, anatazama migomba. Kisha akamgeukia fundi. "Ouma. Jenga kingo tu. Katikati acha wazi."

"Na hii yote nimechanganya?"

"Tengeneza kizingiti cha jikoni."

Ndivyo jikoni kwa Kukhu kulivyopata kizingiti cha simenti wakati nyumba kubwa yenyewe ilikuwa ya udongo. Kabla hakijakauka mbuzi alikikanyaga. Alama za kwato zake zipo mpaka leo, na ndizo nilizokalia siku Wandera aliposhusha mizigo yake.

Nilidhani Kukhu angemwaga yale maji. Aliyaacha yatulie, akayachuja, akauanika ule udongo kwenye gunia mpaka ukashikika. Siku iliyofuata alinitupia donge mapajani.

"Finyanga."

"Sijui."

"Mimi pia nilikuwa sijui. Finyanga."

Alinipa kakamba ka Mama kenye fundo. Nikatengeneza kijichungu cha kimo cha kikombe, kimepinda upande, nikabingirisha shingoni, na yale mapengo yakarudi. Sitaweza kueleza nilivyohisi nilipoyaona. Tulikikausha, tukakipasha, na Kukhu akawasha shimo lake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Moto ukiwa katikati tukasikia mshindo. Kesho yake nikatoa vipande. Nilikuwa nimeacha hewa ndani ya matako ya chungu, kosa la Mama lilelile, kukimbilia shingo.

Nilimtazama Kukhu nikijua udongo uliopita moto haurudi tena majini. Nilikuwa nimeonyeshwa. Nilidhani sasa kimekwisha kabisa, cha Mama na changu.

Kukhu akanipa jiwe. "Saga."

"Nini?"

"Hiyo vigae. Saga mpaka unga."

Nikasaga. Nilisaga siku nzima, malengelenge yakatoka, na aliponiambia inatosha nikaendelea. Unga ule tuliuchanganya na donge lililobaki, kwa sababu unga wa kigae huupa udongo mbichi nguvu ya kuvumilia moto. Hilo kila mfinyanzi analijua. Nikafinyanga tena. Safari hii nilianza na matako, nikayapiga kwa kijiti mpaka Kukhu akasema, "Wacha sasa, utaua." Tulipofukua, alitoa vyake vyote kwanza, akaviuliza, vikaitika. Changu alikiacha jivuni.

"Yako uliza mwenyewe," akasema.

Kilikuwa cheusi, kidogo, kimepinda. Nilikiogopa. Nikakigonga. Mlio wake ulikuwa mwembamba kama wa kengele ya mbuzi, lakini ulibaki hewani, na nikajibana bega mwenyewe kwa sababu hakukuwa na wa kunibana. Sijaacha kazi hii tangu siku ile. Nilipoolewa nilikwenda nayo, nilipofiwa na mume nikarudi nayo kwa Kukhu, na kile kijichungu kipo juu ya kabati, hakitikisiki.

Kwa hiyo niliinuka kizingitini nikamwambia Wandera kwamba kaburi la Kukhu litakuwa na kingo, na katikati patabaki udongo.

"Dada, watu watasema tumemtupa bibi kwenye matope."

"Waseme."

"Na tailizi nimebeba kutoka Kampala!"

"Zipeleke bafuni. Bafu letu linahitaji."

"Dada Nabwire, mimi nimekuja kumheshimu."

"Najua. Na mimi pia. Kingo jenga wewe, uzipambe unavyotaka. Katikati ni pangu."

Alinuna hadi jioni. Yeye hakumbuki kitu, alikuwa mikononi mwa Baba na kidole mdomoni. Nilimsimulia tukiwa tunakula, kama nilivyoandika hapa, na nilipofika kwenye jua aliacha kutafuna. Asubuhi akachanganya simenti ya kingo mwenyewe, hakuita fundi.

Nami nilifinyanga chungu cha midomo miwili. Nilikipa matako mapana ya Kukhu na shingo ya Mama, nikakibingirishia punje za wimbi kwa kakamba ambako Kukhu alikuwa amekaacha kwenye tundu la ukuta, keusi kwa mafuta ya mikono yake. Nilikisugua kwa jiwe laini mpaka kikang'aa. Hakijawahi kutoka mikononi mwangu chungu kizuri hivyo, na watu wawili waliokiona kikikauka walitaka kukinunua. Kilipokauka nilikibeba mbichi, nikakiweka katikati ya kaburi, juu ya udongo.

Mvua ilikuja alasiri. Mjukuu wangu Ajambo akaja mbio jikoni. "Kukhu, chungu chako kinalowa! Nikitoe?"

"Kiache."

"Kinainama!"

"Nakiona."

Tulisimama mlangoni juu ya kwato za mbuzi, tukakitazama kikishuka. Midomo kwanza, kisha shingo. Punje za wimbi zilikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mvua ilipokatika palikuwa na kilima kidogo chekundu, laini kuliko udongo wa pembeni, na kesho yake hata hicho hukuweza kukitofautisha. Sikugonga pale. Sikuweka kiganja.

Nyuma ya jikoni shimo langu lilikuwa limelala tangu juzi chini ya mabati, limejaa vyungu vya maua vya watu wa Busia. Niliondoa mabati, nikapiga magoti, nikafukua kwa mikono. Jivu lilikuwa limepoa. Nikatoa cha kwanza, nikakipangusa kwa kanga, nikampa Ajambo.

"Gonga."

Akakigonga kwa kifundo kidogo cha kidole, akasogeza sikio.

"Uko?"

Kikaitika.